Maneno Madogo ya Kiingereza Yaonyeshayo Mahali na Wakati

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tulipotakiwa na Halmashauri kusema neno mbele yenu juu ya Kiingereza cha ofisini, kwanza tulitaka kukataa, kwa kuwa wamo humu waliosoma kutupita sisi, na si adabu mwenye kibatari kumwangazia mwenye karabai. Walakini tulifikiri tena, tukaona ya kuwa makosa tunayotaka kuyataja hayatokani na uchache wa kusoma. Twayakuta katika barua za vijana walioingia kazini juzi, na twayakuta katika barua za wazee waliokaribia kustaafu. Mtu huandika Kiingereza kirefu, chenye maneno mazito ya sheria, akapita salama katika hayo yote, kisha akajikwaa kwa neno la herufi mbili. Maneno hayo ni "in", "on", "at", "by", na ndugu zao "until", "since", "for" na "within". Watu wa sarufi huyaita vihusishi. Sisi leo tutayaita maneno madogo, lakini tutawaonyesha ya kuwa madhara yake si madogo.

Tuanze na lugha yetu wenyewe, maana ndiko makosa yatokako. Mwanamke apita mbio njiani, mtu amwuliza, "Mtoto yuko wapi?" Akijibu, "Yupo kisimani," hakuna atakayeacha kazi yake, mtoto amekwenda kuteka maji. Akijibu, "Yumo kisimani," watu watatupa majembe na kutafuta kamba na ngazi. Neno "kisimani" halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kisilabi kimoja: po imekuwa mo. Mwingereza naye anayo tofauti hiyo hiyo, bali ameiweka penginepo: kwanza atasema "at the well", na mara ya pili "in the well". Na mtoto akiwa ameketi juu ya kifuniko, atasema "on the well".

Basi tusidhani kwamba lugha yetu ni maskini na haijui kupambanua mahali. Yajua sana. Bibi E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1944, alizieleza vizuri hizo po, ko na mo: ya kwanza kwa mahali hasa panapojulikana, ya pili kwa mahali pasipo dhahiri, ya tatu kwa ndani. Sisi twazitumia kila siku bila kuzifikiri, kama mtu atumiavyo vidole vyake. Lakini tukifika kwenye Kiingereza twashika ile "-ni" peke yake, tukaitafutia neno moja la Kiingereza, nalo kwa wengi wetu huwa "in", au kwa wengine "at". Hapo ndipo mashaka yaanzapo, kwa maana "-ni" haina neno moja la kuifasiri.

Tazameni tena jambo jingine. Twasema: natoka mjini, nakwenda mjini, nakaa mjini, napita mjini. Mji ni ule ule na "-ni" ni ile ile, wala haisemi kama mtu yuaja au yuaenda. Mwenye kusema habari hiyo ni kitenzi. Katika Kiingereza mzigo huu umetwikwa neno dogo: "from the town", "to the town", "in the town", "through the town". Ndiyo sababu mwenzetu huandika "He went in Nairobi", au "I am coming at the office". Katika akili yake kitenzi kimekwisha kusema kila kitu, na neno dogo amelitia kama pambo.

Huenda mkauliza kwa nini Waingereza walipenda kuutwika mzigo mkubwa namna hii juu ya vijineno dhaifu. Hawakuchagua. Kiingereza cha zamani, kile kilichokuwa kikisemwa kabla ya Wanormani kuivamia nchi mwaka 1066, kilikuwa na miisho ya majina iliyosaidia kazi hiyo, kama "-ni" yetu isaidiavyo. Miisho hiyo ikachakaa polepole katika karne za baadaye, na maneno madogo yakaachiwa kazi. Mabaki ya desturi ya kale yangalipo. Mwingereza husema "go home", bila "to", wala hasemi "go to home". Tena husema "asleep" na "alive", na ile "a" ya mbele ni "on" iliyolika kwa matumizi, hata wenyewe wamesahau asili yake. Kwa hiyo Mwingereza akishindwa kukueleza kwa nini ni "on" wala si "in", usidhani anakuficha siri. Hajui. Aliipokea hivyo kwa mama yake.

Sasa tuingie katika mahali. Kanuni ya mwanzo ni nyepesi, na mwaijua: "at" ni kwa nukta, kama mtu anayetia kidole juu ya ramani; "on" ni kwa juu ya kitu au kandokando ya mstari; "in" ni kwa ndani ya kitu chenye mipaka. Mji wa Mwanza ni "on Lake Victoria", kwa sababu umeketi ukingoni. Ukerewe ni kisiwa "in Lake Victoria", kwa sababu maji yamekizunguka. Mwenye kuandika kwamba Mwanza ni "in Lake Victoria" ameuzamisha mji mzima na watu wake. Vivyo hivyo Moshi ni "at the foot of Kilimanjaro", theluji ni "on the mountain", na mpanda mlima aliyefika mita 5,895 yupo "at the top".

Hata hivyo kanuni hii haitoshi, maana mahali pale pale paweza kuwa nukta kwa mmoja na chumba kwa mwingine. Askari aliyesimama mlangoni yu "at the bank". Mwenye kukimbia mvua yumo "in the bank". Jengo ni lile lile. Kwa hiyo msiulize, "Benki hutaka neno gani?" Benki haitaki neno. Ulizeni, "Msemaji apaonaje mahali hapa?" Na kwa sisi Waswahili swali hilo ni jepesi, kwa kuwa tumekwisha kulijibu tuliposema yupo au yumo. Shauri letu ni hili: kabla ya kuandika neno dogo la mahali, semeni sentensi kimoyomoyo kwa Kiswahili, mkilazimisha po au mo itoke. Ikitoka mo, mara nyingi ni "in". Ikitoka po, mara nyingi ni "at" au "on". Ko haina mwenzake katika Kiingereza, basi ikitoka ko jiulizeni upya. Twasema mara nyingi, si siku zote.

Tena desturi hubadilika. Askofu Edward Steere alipotoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, alikiita "A Handbook of the Swahili Language as Spoken at Zanzibar". Leo mwandishi angetia "in Zanzibar". Waingereza wa siku zile walipenda "at" kwa miji na bandari, kwa kuwa waliiona kama nukta za safari, mahali meli itiapo nanga. Mabaki yake yamo katika hati za sheria, ambamo mkono hutiwa "at Nairobi" au "at Dar es Salaam". Karani kijana akisahihisha "at" hiyo kuwa "in", asidhani amemkosoa mkubwa wake. Na kwa visiwa: tukifikiri nchi yenye watu na serikali, twaandika "in Zanzibar", "in Madagascar"; tukifikiri ardhi iliyozungukwa na maji, twaandika "on the island of Pemba".

Yaliyo hatari zaidi ni maneno yetu matatu: njiani, mbele na pembeni. Gari liko njiani. Je, laja, au limetuzibia njia? Likija ni "on the way". Likituzibia ni "in the way". Mkubwa aliyeandikiwa "The lorry is in the way" atatuma watu kulisukuma, na kumbe lorry lingali maili arobaini mbali. Pembeni vilevile: duka lililo pembeni mwa barabara mbili ni "on the corner" au "at the corner", bali ufagio uliosimamishwa pembeni mwa chumba ni "in the corner".

Na juu ya "mbele" tunacho kisa. Miaka mingi iliyopita tulikuwa karani katika kituo kimoja cha bara, na lorry lilipinduka karibu na daraja. Utingo aliyekuwa ameketi mbele, karibu na dereva, alivunjika mguu. Mwenzetu mmoja aliandika taarifa, mtu mwangalifu sana, mwenye mwandiko wa kupendeza. Aliandika kwamba utingo alikuwa "sitting in front of the lorry". Yaani, ameketi barabarani, lorry likamjia. Alitaka kusema "in the front of the lorry". Waliosoma taarifa hiyo mbali na sisi hawakumwona utingo wala daraja. Walikuwa na karatasi tu. Wakauliza, na haki yao kuuliza, mtu mwenye akili timamu aketije mbele ya gari liendalo? Je, alikuwa amelewa? Barua zikaenda na kurudi, na mguu wa yule kijana ukapona kabla ya shauri lake kupona. Neno lililokosekana lilikuwa "the".

Hiyo "the" hufanya vituko vingine pia, nasi watumishi yatupasa kuvijua. Mfungwa ni "in prison". Fundi bomba aliyekwenda kutengeneza mfereji ni "in the prison". Mgonjwa ni "in hospital", kama wasemavyo Waingereza, na aliyekwenda kumtazama ni "at the hospital". Wamarekani, wao husema "in the hospital" hata kwa mgonjwa, wala si kosa kwao. Na Waziri aliye "in office" ni yule ambaye hajaondolewa madarakani, hata kama leo yupo shambani kwake akipanda minazi. Aliyeketi chumbani mwake nyuma ya meza ni "in the office", na huyo aweza kuwa tarishi.

Kuna na vitenzi visivyotaka neno dogo kabisa, nasi twavibandikia kwa ukarimu. "Reach", "enter" na "approach" hushika mahali moja kwa moja: "He reached Tabora", "He entered the room". Mtu huandika "reached at Tabora" kwa sababu Kiswahili chetu kimetia neno dogo ndani ya kitenzi: twasema alifikia Tabora, na ile "i" iliyo katikati yatufanya tutafute mwenzake. "Enter into" ipo, lakini ni kwa mikataba, wala si kwa vyumba.

Tumesema mengi juu ya mahali. Tuje kwenye wakati, maana huko ndiko watu hupoteza haki zao.

Twaomba mkumbuke asubuhi moja ya Unguja. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme akashika ufalme, Waingereza wakakataa, wakamwekea muda. Siku ile yaweza kutufundisha maneno yote manne. Mambo yale yalitokea "in 1896", kwa kuwa mwaka ni chombo kipana na siku zimo ndani yake. "In August", kwa sababu hiyo hiyo. "On 27 August", kwa kuwa siku na tarehe huchukua "on". Muda uliwekwa uishe "at nine o'clock", kwa kuwa saa ni nukta. Na Khalid alitakiwa aondoke "by nine o'clock". Hilo "by" ndilo neno la kutazamwa. Maana yake: saa moja waweza kuondoka, saa mbili waweza kuondoka, saa tatu kasoro dakika moja waweza kuondoka, lakini saa tatu ikigonga uwe umekwisha kutoka. Saa tatu ilipita, na kwa dakika ya pili baada yake mizinga ya manowari ilianza kulia. Vita haikuchukua hata saa nzima, na watu wapatao mia tano wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa. Hatusemi kwamba Khalid hakulifahamu neno, alilifahamu, alikataa. Twaleta habari hii ili mjue "by" ni nini: ni mlango unaofungwa.

Sisi katika Kiswahili twasema "mpaka" au "hata" au "hadi" kwa mambo mawili yaliyo mbali. "Nitakungoja mpaka Ijumaa": kungoja kwaendelea siku zote, kwakoma Ijumaa. Hiyo ni "until". "Mpaka Ijumaa niwe nimeipata barua": jambo latendeka mara moja, wakati wowote, bali lisipite Ijumaa. Hiyo ni "by". Mwenye kuandika "Please send the forms until Friday" ameomba apelekewe fomu leo, na kesho, na keshokutwa, mfululizo, hadi Ijumaa ndipo waache. Kipimo chake ni hiki: kitendo kikiwa cha kuendelea, kama kukaa, kungoja, kufanya kazi, tieni "until", kikiwa cha mara moja, kama kufika, kupeleka, kulipa, tieni "by".

Hapa kuna kosa la kusoma ambalo ni baya kuliko la kuandika. Tangazo husema maombi "should reach this office by 31 March". Mtu aisoma "by" kana kwamba ni "on", na "reach" kana kwamba ni kupeleka. Yeye huijaza fomu yake vizuri, akaitia posta tarehe 31 Machi, saa tisa ya mchana, akarudi nyumbani akiwa na moyo mweupe. Barua yafika tarehe 3 Aprili. Kisha twamsikia akilaumu upendeleo. Pengine upendeleo upo, hatuukani. Lakini yeye amewapa watu sababu iliyo halali ya kumtupa.

Juu ya likizo: mtu aandikapo kwamba yu "on leave until 14 June", je, tarehe 14 yupo kazini au hayupo? Mabwana, tumeona Waingereza wawili wakibishana juu ya neno hili, kila mmoja akiapa kwamba maana ni dhahiri. Wamarekani wamejipatia dawa: husema "from 1 June through 14 June", na siku ya mwisho imo ndani. Sisi tulio na desturi ya Kiingereza cha Uingereza tuandike "both days inclusive", au, bora zaidi, tuseme siku ya kurudi: "I shall return to duty on 15 June." Mshahara wa siku moja si kitu cha kuachiwa bahati.

"Since" na "for" hatutazikawilia. "Since" hutaka mahali wakati ulipoanzia: "since 2011", "since Monday". "For" hutaka urefu wake: "for three years". Kiswahili chakubali "tangu miaka mitatu", ndiyo sababu twasikia "since three years". Na kitenzi chake kisiwe "I am working here since", bali "I have been working here since". Tena siku zenye "last", "next", "this" na "every" hazitaki neno dogo lolote. Ni "last Monday", wala si "on last Monday".

Asubuhi ni "in the morning", mchana "in the afternoon", lakini usiku ni "at night", msituulize sababu. Ikitajwa siku yenyewe, "on" yashinda: "on Monday morning", "on the night of 8 December 1961". Katika usiku huo Tanganyika ilingojea uhuru wake, uliofika "at midnight". Nasi watu wa pwani na tujihadhari hapa, kwa maana siku yetu ya kale huanza jua lituapo. Mzee akisema "usiku wa Ijumaa", asema usiku ule ambao Mwingereza auita "Thursday night". Karani aliyefasiri maneno ya shahidi mzee kuwa "on Friday night" amemhamisha shahidi usiku mzima, na wakili wa upande wa pili hatakosa kuliona. Ulizeni kwanza, "Usiku wa kuamkia Ijumaa, au usiku baada ya Ijumaa?" ndipo mfasiri. Habari ya saa hatuna haja ya kuitaja, ya kwamba saa mbili yetu ni "eight o'clock". Ila tumeona mtu mzima akija kwenye mahojiano ya kazi saa nane ya mchana, koti limepigwa pasi, kwa kuwa aliandikiwa "at eight".

Limebaki neno moja, na kwa hilo hasa ndipo tulipokubali kuja kusimama hapa.

Mwenzetu mmoja alifariki akiwa kazini. Mkewe, ambaye sisi humwita shemeji, alileta karatasi aliyopewa na ofisi moja, tumsomee. Ilihusu fedha za marehemu. Ilisema madai yaletwe "within six months of the date of death". Tuliisoma mara mbili. Sasa, kila siku tulikuwa tukisikia wakubwa wakisema "Come back in a week", na maana yake ni urudi baada ya juma moja. Na "in" na "within", kwa fikira zetu za wakati ule, yalikuwa neno moja, moja likiwa limevaa kanzu ya Ijumaa. Tukamwambia, "Shemeji, bado mapema. Miezi sita ikitimia, nenda." Akatushukuru, akaenda zake kijijini kukaa eda na kuwatazama watoto.

Akaenda mwezi wa saba. Wakamwambia muda umekwisha.

"In six months" ni baada ya miezi sita kupita. "Within six months" ni kabla haijapita, siku yoyote tangu ya kwanza. Neno moja lafungua mlango pale lingine lifungapo. Na Kiswahili chetu, "katika miezi sita", hakikutusaidia kitu, kwa kuwa kinaweza kubeba yote mawili.

Alirudi kwetu na karatasi ile ile mkononi. Hakutulaumu, alidhani ofisi ndiyo iliyobadili maneno. Tulikaa kitambo tukitafuta njia ya kumwacha adhani hivyo. Kisha tukamwambia, "Shemeji, kosa ni letu. Sisi ndio tuliokusomea vibaya." Akanyamaza. Akauliza kama jambo laweza kutengenezwa. Tukaandika barua, tukaeleza ya kuwa mjane hajui Kiingereza, kwamba alikuja kwetu mapema sana, kwamba sisi, watumishi wa miaka kumi na moja, ndio tuliomfasiria kinyume, tukatia jina letu na cheo chetu. Tuliogopa kuipeleka. Tukaipeleka. Majibu yalichelewa karibu mwaka, nayo yalikuwa mema: fedha zikalipwa. Lakini kabla hayajafika alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada ya shule, na kijana wake mkubwa alikuwa ameacha masomo kwenda kubeba mizigo. Ng'ombe walinunuliwa wengine. Kijana hakurudi shuleni.

Tangu siku hiyo, mtu akituletea karatasi ya Serikali tumsomee, hatumpi maana kwa mdomo tu. Twachukua kalenda, twahesabu mbele yake, twatia alama kwa kalamu juu ya siku ya mwisho, na twamwambia, "Siku hii isikupite." Kisha twamwandikia tarehe hiyo kwa Kiswahili nyuma ya karatasi. Wale walio chini yetu ofisini huona kwamba twapoteza wakati. Twawaacha waone.

Bwana Mwenyekiti, Katibu amepiga chapa karatasi ya sentensi ishirini zenye mapengo, ili kila mmoja atie neno analoliona kuwa sawa; baadhi ya sentensi hizo zina majibu mawili, na moja haitaki neno lolote. Karatasi ziko mezani karibu na mlango. Watakao zisahihishwe wazirudishe kwa Katibu "by four o'clock on Saturday", yaani zifike mikononi mwake kabla ya saa kumi. Hatakaa kuzingoja "until" saa kumi na moja. Ametuambia ana harusi.